Mzee Sikuli Asomewa Historia Yake Akiwa Hai

Virginie Kahongya anatunza maktaba ya parokia hapa Butembo. Mimi ni msaidizi wake, yaani ninafuta vumbi na kumpinga. Historia ya mji wetu huandikwa msibani tu: marehemu husomewa karatasi ya maisha yake mbele ya jeneza, kisha karatasi inasahaulika katika mfuko wa koti la mtu. Virginie akaanza kuziomba. Leo zimejaa masanduku matatu, na wagonjwa wa mtaani wakimwona anakuja kuwajulia hali hugeukia ukutani.

Karatasi aliyoitaka kuliko zote ni ya baba yake, mzee Sikuli, mwenye miaka sabini na minne na kifua kibovu. Alitaka aipate kinywani mwa mzee mwenyewe kabla watu hawajaja kuitunga. Mzee alikataa katakata miaka minne, akisema karatasi ile huita jeneza lake. Virginie aliogopa kuchelewa. Kila baba yake akikohoa, binti alitazama kalamu.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, mzee akakubali. Alitaka isomwe mbele ya watu, naye akiwapo, na tena kitu kimoja.

"Ku mwisho uweke: angali muzima. Bila ile, mi sisemi kitu."

Alisimulia alasiri tatu: Luofu alikozaliwa, shamba lake la Manguredjipa, vita, na safari ya miguu hadi Butembo. Jumamosi tukapanga viti uani. Karatasi kama ile hatujui kuisoma kwa namna nyingine, kwa hiyo watu walikuja kama wanavyokuja msibani, wanawake wamefunga vitambaa, maharagwe yako motoni. Mzee aliketi mbele, mahali pa jeneza, anakula ndizi.

Virginie alisoma vizuri mpaka kwenye watoto sita, yeye akiwa kitinda mimba. Hapo shangazi yake Séphora, dada wa mzee, akasimama. Msibani kwetu mwenye neno la kuongeza huongeza, na hakuna aliyekuwa ametangaza kwamba leo ni tofauti.

"Hapana sita," alisema. "Njo saba. Kaka, Joyeuse umemuacha wapi?"

Mzee akaacha kutafuna. Virginie alimtazama. Jina hilo hakuwahi kulisikia nyumbani kwao.

"Nilimuacha mu njia," mzee alisema polepole. "Alikuwa na miaka mbili. Homa. Nilimuzika na mikono, sababu jembe tulikuwa tumeshalitupa. Mama yenu aliniomba tusimutaje tena, na nikakubali. Weye, Virginie, ulikuwa mu tumbo."

Virginie aliifuta sita, akaandika saba. Kisha akaketi chini miguuni pa baba yake, wakamlilia mtoto yule, nasi tukalia nao, kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kukaa kama msibani.

Jumatatu aliandika karatasi ya Joyeuse. Ina mistari miwili. Mpaka leo mzee ameomba mara nne asomewe.