Somo Nililolifundisha Nikaanguka

Nilipomaliza diploma ya ufundi wa mitambo, chuo chetu kilitwambia njia ya shahada ya uhandisi iko wazi. Palikuwa na makubaliano na chuo kikuu kimoja: wenye alama nzuri wangehamishwa pamoja na masomo yao, waingie mwaka wa tatu moja kwa moja. Niliamini. Nikaacha kazi yangu Liwatoni, kwenye bandari ya wavuvi, ambako nilikuwa nikitengeneza injini za boti, mwanamke peke yangu katikati ya mafundi.

Kwenye ofisi ya usajili ya chuo kikuu, karani alifungua faili langu akalifunga. "Dada, masomo yako hayakukubaliwa. Utaanza mwaka wa kwanza."

"Yote?"

"Yote. Hata ya karakana."

Nilimwonyesha barua ya makubaliano. Akasema hiyo ni ya uongozi uliopita.

Nyumbani, Mji wa Kale, mama alinisikiliza huku akikanda unga wa mahamri. "Sasa ile miaka mitatu ulokwenda, ilikuwa ni matembezi?"

Hakunikejeli. Alitaka kujua kweli, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikaanza upya. Wiki ya tatu, mhadhiri wa karakana alishindwa kufungua injini ya dizeli. Bolti zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Alipojua nilikotoka, akanipa spana. Niliifungua, nikawaeleza wenzangu kila kifaa na kazi yake. Tangu hapo kila Jumatano nilifundisha mimi, yeye ameketi pembeni na simu yake.

Nikamwomba aniandikie barua nisamehewe somo hilo. "Mwalimu, si ninalifundisha mimi?"

Akacheka. "Utaratibu ni utaratibu, binti. Una haraka gani? Utapita bila jasho."

Matokeo yalipotoka, nilikuwa nimeanguka somo hilohilo la karakana. Mahudhurio yangu hayakuandikwa hata siku moja, kwa sababu jina langu lilikuwa bado kwenye orodha ya zamani ya waliohamishwa, wasiohitaji somo lile. Nilikwenda ofisini mara nne. Mara ya nne karani hakuinua hata uso. "Rudia tu, dada. Ndiyo rahisi."

Nikarudia. Siku ya kwanza mhadhiri aliniita mbele ya wanafunzi wapya, niwafungulie pampu ya mafuta. Nikabaki kitini.

"Leo huwezi?" akauliza.

"Naweza."

Alihangaika na pampu hiyo mwenyewe kipindi kizima, na wale vijana wakatoka bila kujifunza kitu. Niliwaonea huruma. Lakini sikuinuka.