Plasta ya Mdachi na Mgomba wa Mama

Niliteguka kifundo cha mguu siku mbili kabla ya akida kuja kudai wapagazi. Wakati mzuri kabisa wa kuteguka. Alitaka mtu mmoja kila nyumba, abebe vyombo vya Mdachi kutoka kwetu Matombo hadi bomani Morogoro. Nyumbani tulikuwa wawili tu, mama na mimi. Nilipomwonyesha akida mguu uliovimba, akasema hana neno, mama aende badala yangu. Mtu wa huruma yule!

"Aende nani?" nikafoka. "Nitakwenda mwenyewe."

Mama akachana maganda ya shina la mgomba, akayaloweka, akaniambia nisimame. Kisha akanitwika kinu kichwani. Kwetu mguu haufungwi ukiwa umelegea. Hufungwa ukiwa na mzigo, ili ujue kazi inayoungoja. Akazungusha kamba hizo za mgomba chini ya unyayo, akapanda nazo kifundoni, akakaza huku nalia bila haya.

"Usifungue mpaka urudi," akasema.

Nikaitikia. Kuitikia sijawahi kushindwa.

Kambini kwa Mdachi nikakabidhiwa beseni la bati la kuogea. Milima yetu ina vijito kila kona, lakini Mdachi haogi mtoni, haya. Msaidizi wake wa dawa, bwana mmoja wa pwani mwenye kanzu nyeupe, alipouona mguu wangu alicheka mpaka machozi.

"Wewe mgonjwa au mkungu wa ndizi?"

Akatoa plasta, utepe mweupe wenye gundi, dawa ya Ulaya hiyo! Wenzangu wakasogea kutazama. Nikauonea aibu mgomba wa mama. Nikaukata kwa kisu changu mwenyewe, nikakaa juu ya jiwe, mguu unaning'inia, nikabandikwa juu ya vinyweleo na tope. Nikaondoka kwa maringo.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuvunjika mapema, kupunguza kazi.

Mvua ikanyesha. Ajabu gani, mvua Uluguru! Plasta ikalowa, ikabanduka, ikawa inanifuata nyuma kama mkia. Kwenye mteremko wa kwanza kifundo kikapinda, nikaanguka, beseni likanifunika. Askari akaligonga kwa kiboko kuuliza kama nimo. Nilikuwamo.

Lilipofunuliwa, nikamwona mama. Alikuwa ametufuata tangu asubuhi, maganda ya mgomba kwapani, maana alinizaa yeye na ananijua. Hakunigombeza, na hilo liliniuma kuliko mguu. Akanifunga upya palepale, nimesimama.

"Na mzigo?" askari akauliza.

Mama akajitwika beseni.

"Mama, lete hilo. Nakuomba."

"Tembea," akasema.

Nilitembea nyuma yake siku mbili, mikono mitupu, nikitazama shingo yake ikizama mabegani. Sijawahi kujichukia vile. Bomani Mdachi akausifu mguu wangu kwa kufungwa vizuri, akadhani ni kazi ya msaidizi wake, akampa mkono. Bwana wa kanzu akaupokea.

Kifundo changu kilipona. Hata leo nakipandia mlima mpaka Kinole. Shingo ya mama haikugeuka tena upande wa kushoto. Ukimwita kutoka huko, ilimbidi ageuke mwili mzima. Mgomba ulikuwa tele shambani, lakini shingo haifungwi. Nikajizoeza kumwendea kwa upande wa kulia.