Kitambaa cha Mifuko Kilichomtangulia Mtoto

Jumamosi iliyopita, nikiwa nyumbani kwa mwanangu hapa Nachingwea, nilisikia cherehani ya miguu ikilia chumba cha pili, nikainuka kwenda kuona kinachoshonwa. Wanaonijua wanajua: sipendi kusimuliwa jambo ambalo macho yangu yanaweza kulifikia. Nilimkuta mkamwana wangu, mjamzito wa miezi minane, amekunjua mezani kitenge kizito na kukipangia safu za mifuko. Alipima kila mfuko kwa nepi halisi. Anaikunja, anaiingiza, kisha anaongeza nafasi kidogo ili mkono wa mtu mwenye usingizi usihangaike. Mifuko ya juu ilikuwa ya mafuta na poda, mahali ambapo mtoto akianza kusimama hatapafikia. Pindo la juu aliliacha pana, ili upite ufito wa kuning'inizia kitambaa ukutani, kando ya kitanda cha mtoto. Ilikuwa kazi safi.

Nami nikasema, kwa sauti niliyoshindwa kuitambua, "Funika cherehani. Mtoto hajazaliwa."

Miguu yake ilisimama juu ya pedali. Kisha akacheka.

"Hee, baba! Hata wewe? Hayo si maneno ya mama jirani? Jana nimemkimbia yeye, leo nakukuta wewe mlangoni!"

Sikucheka. Aliponitazama vizuri, kicheko kikamwisha, akaniuliza swali ambalo nimewauliza wanafunzi wangu katika maisha yangu yote ya ualimu, na wanangu kabla hawajajua kuoga wenyewe: "Umeona, baba, au umeambiwa?"

Nilitoka nikaketi barazani. Uso uliniwaka kama wa mtoto aliyekamatwa.

Nilikulia Mandawa, upande wa Ruangwa, katika nyumba ya udongo iliyozungukwa na mikorosho. Msimu ulipofika tuliamka kuokota korosho kabla ya shule, tukizinyonga kutoka kwenye mabibo, na harufu tamu ya mabibo yanayochacha ilitufuata hadi darasani. Jioni ugali wa mtama uliliwa kwa mbaazi, huku moshi wa maganda ya korosho ukitutoa machozi. Nyumbani tulisema Kimwera. Kiswahili kilikuwa cha shule na cha gulioni.

Mama alikuwa fundi wa sindano. Ingawa sisi ni Waislamu, alijifunza kushona kwa masista wa misheni, na huko aliona, katika chumba cha watoto wachanga, kitambaa chenye mifuko kimening'inizwa ukutani. Alikipenda. Alipokuwa na mimba ya mdogo wangu, alichukua kanga yake ya harusi, akaitilia bitana ya gunia la unga lililofuliwa mpaka likalainika, akashona mifuko ya kutia winda, nepi zetu za siku zile. Baba alimchongea kigingi, akakikaza ukutani. Mimi niliona ni kitu kizuri kuliko vyote nyumbani mwetu.

Kwetu vitu vya mtoto havikutangulizwa. Winda zilichanwa kutoka kanga kuukuu za wanawake wa ukoo, nao walizileta mtoto akiwa tayari mikononi. Jirani yetu mmoja alipokiona kile kitambaa hakuketi hata kunywa uji. Alisimama mlangoni akasema, "Mfuko uliomtangulia mtoto hujazwa mchanga." Mama alimjibu, "Basi mama mwenzangu, ukiona mchanga humo uniite," nao wakacheka wote wawili. Bibi yangu, mzaa baba, hakucheka.

Masika yaliingia kwa nguvu. Uchungu ulimshika mama wakati barabara imekatika na mto hauvukiki. Mkunga wa kijiji alikuja, akafanya alichokijua. Kulikucha, kukachwa, na mtoto alipotoka hakulia.

Hayo niliyaona. Niliona maji yamefunika njia ya kwenda hospitali. Niliona mkunga akitoka nje na kujifuta mikono mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Lakini niliyoambiwa ni mengine, nayo yalifika haraka kuliko msaada. Kisimani wanawake walinyamaza mama alipotua ndoo. Shuleni wenzangu waliniuliza kama ni kweli mama yangu alimshonea mtoto sanda yenye mifuko. Niliona haya hata kuitika jina langu.

Bibi alikitungua kitambaa akakifumua kwa wembe, mshono baada ya mshono, nami nikaambiwa nishike upande wa pili kikazwe. Mama alikuwa amelala ubavu, uso ukutani. Vipande vilifungiwa mbegu za ufuta, na kwenye kigingi bibi akatundika ungo. Mama alizaa tena baadaye, watoto hai, lakini sindano hakuishika tena. Hata kifungo cha shati langu la shule alikipeleka kwa mtu mwingine.

Miaka yote hiyo nilidhani nimeyatupa maneno yale. Nilisoma, nikafundisha, nikawakemea watu wazima mbele ya watoto wao kwa kuamini uvumi. Kumbe uvumi wa jirani ulikuwa umelala ndani yangu, ukilisubiri tumbo la mkamwana wangu.

Nilirudi chumbani. "Nimeambiwa," nilimwambia. "Niliyoyaona yalikuwa mvua na mto."

Alinisogezea ncha ya kitenge. "Basi nishikie hapa, baba, pindo lisipinde." Nikashika, likakazwa, naye akashona. Mchana alipoomba msumari, niliupigilia mwenyewe. Nilikosea mara mbili kwa nyundo, akadhani ni uzee, nami niliona haya kumsahihisha.

Nyumba ya Mandawa imekwisha anguka. Mara ya mwisho nilipokwenda nilikuta kichuguu na mkorosho mmoja mzee. Kigingi sikukiona. Bibi hayupo, jirani hayupo. Mama naye alizikwa bila hata mmoja wetu kumwambia kwamba kosa halikuwa la kitambaa, na mimi ndiye niliyekuwa na elimu ya kumwambia.

Mtoto bado hajazaliwa. Kila asubuhi nikipita mlangoni naitazama ile mifuko, mikavu, iliyopangwa vizuri. Na mkamwana wangu akiwa hayupo, naingiza kidole katika kila mfuko, mmoja baada ya mwingine, kuhakikisha kwamba hamna mchanga.