Michembe Iliyonyeshewa

Niko Mkolani, nyumbani kwa mama, na ninajificha. Bora niseme mapema tusidanganyane. Mtu mzima mwenye mvi, niliyezoea kutuma watu huku na huko ofisini Dar es Salaam, siku hizi nachungulia pazia kwanza ndipo nitoke kwenda chooni. Jirani akipita na ndoo yake, narudi ndani. Ofisi yetu ilipunguza wafanyakazi na mimi nikawamo. Maisha ya mjini yakanishinda, nikafunga mizigo, nikashuka stendi ya Nyegezi nimejitanda khanga hadi puani kama mgonjwa wa meno.

Mama hakuniuliza kitu. Lakini Jumapili ya kwanza, nilimsikia getini akimwambia mwenzake wa kwaya, "Yupo, yupo likizo. Anapumzika kidogo." Jamani! Mama yangu huyu, ambaye hata chenji ikizidi sokoni anarudi kuirudisha, anasema uongo kwa ajili yangu. Tangu hapo kila anayeniulizia anajibiwa hivyo hivyo, na mimi huku chumbani natamani ardhi ipasuke inimeze.

Basi juzi mchana mama alikuwa ameenda kumjulia hali mgonjwa. Nilikuwa nimejilaza, ikaja harufu ya mvua kutoka ziwani, ile ya vumbi linaloanza kulowa. Nikakaa kitako. Nikajikuta natega sikio, nasubiri kitu, wala sijui nasubiri nini. Ilinichukua muda kutambua kwamba nilikuwa nasubiri sauti ya bibi.

Unajua, ndugu yangu, nyumba hii ilikuwa ya bibi, mama yake baba. Nyuma yake palikuwa na jiwe kubwa, pana, limelala kama ng'ombe aliyeshiba, na ukisimama juu yake ulikiona kipande cha ziwa. Jiwe lile lilikuwa la watu wote. Viazi vikishavunwa, akina mama walikaa wakamenya, wakakata vipande vyembamba, wakavianika pale mpaka vikauke, viwe vyeupe na vigumu, ukivimimina kwenye ungo vinalia kama kokoto. Hiyo ndiyo michembe. Unaihifadhi, miezi ya njaa ikifika unaichemsha, unaipaka karanga zilizotwangwa, halafu chai ya rangi pembeni. Kazi yetu watoto ilikuwa kufukuza kuku na mbuzi, na kuiba vipande vilivyokuwa havijakauka vizuri, vina utamu fulani mpaka leo sijaupata kwingine.

Kulikuwa na utaratibu mmoja. Wingu likitokea ziwani, wa kwanza kuliona alipiga kelele, "Mbula! Mbula! Anueni!" Bibi ndiye aliyekuwa na sauti kuliko wote, Kisukuma chake kilifika hadi bondeni. Hapo kila aliyekuwa nyumbani alitoka mbio, akaanua kilicho karibu yake, kiwe chake au cha jirani. Hukuchagua. Mvua ikikatika ndipo mnazungukiana, "Samahani, michembe yangu iko kwako?" na mnacheka, na mnarudishiana.

Sisi tulihamia kwa bibi baada ya kiwanda cha pamba alikofanya kazi baba kufungwa. Tulitoka kwenye kota za mjini, zenye umeme na bomba la maji hadi jikoni, tukafika na mkokoteni, kabati la vyombo limefungwa kamba, mimi nimevaa soksi nyeupe. Watoto wa Mkolani walijipanga mstari kututazama. Shuleni mwalimu aliniuliza mbele ya darasa zima kwa nini nimehama katikati ya muhula. Nikaangalia vidole vya miguu, na darasa likacheka. Nilikuwa na aibu ya kuhama, na aibu ya soksi, na aibu ya baba.

Maana baba alikuwa hatoki. Alikaa chumba hiki hiki, dirisha hili hili, na suruali yake ya kazini imepigwa pasi, anachungulia pazia. Mwanaume mwenye nguvu zake kuonekana nyumbani saa za kazi, watu watasemaje? Alitoka giza likiingia tu, akazunguka nyumba, akarudi.

Siku moja bibi na mama walikuwa bondeni shambani, na akina mama wengine vivyo hivyo. Mimi nilibaki kwa sababu ya mafua. Jiwe zima lilikuwa jeupe kwa michembe ya kijiji kizima, na wingu likaja bila hodi. Nikamkimbilia baba. "Baba, mvua! Tuanue!" Alishika pazia, akatazama njiani, kuna wanaume walikuwa wakicheza drafti kwenye kibanda cha fundi cherehani. Akipanda jiweni lazima wamwone. Akasema, "Watakuja wenyewe." Sauti yake ilikuwa ndogo mno. Nilitoka peke yangu na beseni, nikaanua nilichoweza, na nilichoweza hakikuwa kitu.

Akina mama walipofika wanahema, matope hadi magotini, kila kitu kilikuwa kimelowa chapachapa. Wakauliza, "Kwani hapakuwa na mtu?" Na baba ndani akakohoa. Wote waligeukia dirisha, na mimi nikatamani kulia.

Bibi aliingia ndani anachuruzika maji. Baba akasimama, macho chini. "Mama, mimi ni mjinga. Mtu bure kabisa, sifai kitu, afadhali hata..."

"Nani huyo anamtukana mwanangu ndani ya nyumba yangu?"

Bibi alitazama huku na huku, hata nyuma ya mlango alichungulia.

"Nimeuliza. Nani?"

"Ni mimi, mama."

"Haya, muombe radhi. Ukimaliza niletee ile sufuria kubwa."

Baba aliomba radhi. Sijui alimwomba nani, macho yake hayakujua pa kwenda, lakini alitamka, "Naomba radhi," na machozi yakamtoka mbele yangu. Kisha akaenda kuchukua sufuria.

Michembe ikinyeshewa haifai tena kuwekwa, itaota ukungu. Lakini siku ile ile inapikika vizuri tu. Bibi alikusanya ya kila mtu, akainjika uani, majirani wakaleta karanga na vijiti vya kuni vilivyopona. Baba ndiye aliyegawa sahani, uso umemshuka, mpaka mama mmoja akamwambia, "Kumbe watu wa kota mnajua kupakua! Niongeze basi, usinibanie." Watu wakaangua kicheko, na baba naye akacheka, akamwongeza. Kabla hatujala, bibi alisali sala yake fupi: "Mungu, ya kesho unayajua wewe. Ya leo tumeyaona, tena yana karanga. Asante."

Sitaki kukupambia hadithi. Miezi ya njaa ilipofika, ile mvua tuliisikia tumboni, na baba hakupata tena kazi ya kuajiriwa. Alishika jembe, baadaye akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli. Ila pazia lile hakulishika tena, na wingu likitokea yeye ndiye alikuwa wa kwanza jiweni, na ile suruali yake ya pasi ameikunja hadi magotini.

Sasa wote wawili wamelala kule nyuma, baba na mama yake. Jiwe nalo halipo. Lilivunjwavunjwa likawa kokoto za watu kujengea, na kila nyumba ikajizungushia ukuta. Sijui kama kuna mtoto Mkolani leo anayejua ladha ya mchembe uliokauka nusu. Na siku mvua ikija, kila mtu anaanua vyake.

Nilikuwa nayawaza hayo matone yalipoanza kugonga bati. Nikasogeza pazia. Kwa jirani, ng'ambo ya ukuta mfupi, dagaa walikuwa wametandazwa kwenye turubai uwanja mzima, na mwenyewe yuko kwenye genge lake la nyanya kule barabarani. Nikasema moyoni, atakuja mwenyewe. Halafu nikajisikia nilivyosema. Nikajiambia, mwanamke mzima wewe, mtu bure kabisa.

Nani anamtukana mjukuu wangu?

Utacheka, lakini nilijiomba radhi. Kwa sauti, peke yangu chumbani, na hata hiyo niliionea aibu. Kisha nikatoka hivyo hivyo na khanga ya kulalia, nikaruka ule ukuta vibaya, nikajichuna goti, na nikasikia koo langu linapiga kelele ambayo sikuwa nimeipiga tangu utotoni: "Mbula! Anueni jamani! Anueni!"

Jirani alikuja mbio, kandambili mkononi. Tukashika turubai, yeye huku mimi kule. Akanikazia macho. "Shikamoo dada. Wewe si ndiye yule wa likizo?"

"Marahaba." Mvua ilikuwa inaniingia mdomoni. "Siko likizo. Nimeachishwa kazi. Nimerudi nyumbani, na sijui itakuwaje."

Nilisubiri dunia ipasuke.

"Pole sana dada," alisema. "Haya, kunja upande wako, dagaa wanalowa."

Tukakunja. Tulipoinua vichwa, mama alikuwa amesimama getini chini ya mwavuli, amerudi kwa mgonjwa wake, na alikuwa ameyasikia yote. Mama alinitazama nilivyolowa, goti linavuja damu, magamba ya dagaa hadi kwenye nywele, akashusha pumzi ndefu.

"Mungu asante," alisema. "Nilikuwa nimechoka kudanganya watu wa kwaya."