Funga ya Jumatano

Mama aliniambia mambo mawili nikiwa natoka mlangoni: nisikae sana, na nisile chochote huko. La kwanza ni adabu ya kumzuru mgonjwa, tumefundishwa tangu madrasa. La pili lilikuwa woga tu, na woga huo hata mimi nilikuwa nao.

Nilikuwa nakwenda kumwona wifi yangu, mjane wa kaka. Kaka alifariki mwaka uliotangulia, amekonda hata pete ilimvuka kidoleni, na ule ugonjwa nyumbani kwetu pale Moshi mjini hatukuutaja jina. Tulisema tu kwamba mkewe ndiye aliyemletea. Nani alijua? Hakuna. Lakini tulisema, na mdomo wangu haukuwa nyuma. Wifi alipomaliza eda alirudi Old Moshi kwa mama yake. Wao ni Walutheri, Mwislamu katika nyumba ile ni yeye peke yake. Sasa alikuwa hainuki kitandani, na alimtuma mama mmoja muuza ndizi atuletee ujumbe: kabla hajafa, aje mtu mmoja tu wa kwetu amwekee mkono, amsomee dua.

Nilipanda kwa miguu kutoka barabarani, jasho likinitiririka, nikiomba nimkute amelala. Mama yake alikuwa uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja peke yako?"

Akatazama nyuma yangu, kwenye migomba, kana kwamba wenzangu wamechelewa njiani. Hapakuwa na mtu.

Wifi alikuwa macho. Hayo macho ndiyo niliyoyatambua, vingine vyote vilikuwa vimekwisha. Nikampa pole, nikamwombea shifaa, nikakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Mama yake akaingia na bakuli la mtori wa ndizi, wa moto, kautia nyama kwa sababu ya mgeni. Kando ya kitanda palikuwa na bakuli jingine kama lile lile, limebaki na kijiko ndani. Nikatazama lile, nikatazama langu.

"Samahani mama," nikasema, "nimefunga. Sunna."

Mama yake, asiyejua funga zetu, akaliweka bakuli mezani kwa heshima zote. Wifi akanitazama sana.

"Wifi," akasema taratibu, "leo Jumatano."

Njia ya mwongo ni fupi. Funga za sunna tulizozoea nyumbani ni za Jumatatu na Alhamisi, na aliyenizoesha ni yeye huyu huyu, alipokuja kuolewa kwetu, Mwislamu mpya mwenye bidii kuliko sisi tuliozaliwa ndani ya dini. Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

"Basi nisomee tu," akasema. "Utafuturu kwenu."

Hapo ndipo aliponiumiza. Angenitukana ningepata nafuu.

Nikasogea. Nikamwekea mkono kwenye paji la uso, lakini kwanza niliuvuta mtandio ukafunika vidole vyangu. Nikaianza ile dua inayosomwa mara saba. Ya kwanza, ya pili. Akafumba macho. Ya tatu, nikasikia joto lake likipenya kwenye kitambaa, na nikajichukia. Kabla ya ya nne niliutoa mtandio. Ngozi yake ilikuwa na jasho, ngozi ya mtu tu. Nilimaliza saba, na yeye alikuwa ameshapitiwa na usingizi.

Nikalichukua bakuli mezani. Mtori ulikuwa umepoa. Niliunywa wote, na aliyestahili kuniona hakuniona.

Nyumbani mama aliniuliza kabla sijavua viatu.

"Umekula?"

"Nimekula."

Asubuhi nilikikuta kikombe changu kimewekwa dirishani peke yake, mbali na vya wengine.

Nilikitia kwenye kapu. Jumatano iliyofuata nilipanda nacho Old Moshi, nikakiweka mbele ya wifi na kumwambia leo sijafunga.