Gunia la Mahindi Lilipanda Gari Kabla ya Mzee

Majina ya wote waliokuwa kwetu Yamumbi siku hiyo ninayo, hata la mbwa wa jirani aliyekuja kutazama. Siyaandiki, kwa sababu wengine bado wanachukua maziwa kwangu na sitaki waanze kwenda kwingine.

Mzee wangu, baba watoto, hatembei tangu miguu ikatae. Kijana wetu alinunua vani kuukuu yenye daraja la chuma nyuma: unalifungua, linashuka hadi chini, unasukuma kiti cha magurudumu kinaingia na mtu wake. Tulifurahi miezi minne. Kisha bawaba zikaliwa na kutu, daraja likaanguka, na mzee akawa wa kukaa uani akihesabu kuku wangu na kuniambia wamepungua.

Gereji ya mjini ilisema daraja lote libadilishwe, liagizwe ng'ambo. Bei yenyewe ilikuwa ng'ombe wawili wa maziwa. Sisi tulikuwa nao watatu.

Sasa, rafiki yake wa tangu ujana alikuwa mgonjwa huko mtaa wa Pioneer, mjini, na mzee alitaka kumwona akiwa bado anaonekana. Simu haikusaidia, maana masikio ya rafiki yalishakwisha. Mzee alikuwa anapiga kelele kwenye simu mpaka ndama wanaitika, na upande wa pili unasikia tu, "Nani? Nani?" Na kubebwa, mzee alikataa. Kijana aliwahi kumbeba mara moja, wakaanguka wote wawili kwenye maua yangu.

"Sitabebwa tena," akasema. "Nitaenda nimekaa, kama mtu."

Nikamwita fundi wa mageti wa hapo barabarani. Ana mkono mzuri, lakini ukimpa chuma chochote yeye anaona geti. Bawaba alizoweka zilikuwa za geti, nene kama mkono wa mtoto. Hizo sikuzilalamikia. Zinabeba geti la kuingizia lori, zitashindwa vipi na mzee aliyebaki mifupa na maneno? Juu ya daraja tukafunga kipande cha ule mpira wa kulalia ng'ombe, ili magurudumu yasiteleze mvua ikinyesha. Nilikisugua mwenyewe kwa sabuni mara tatu. Lakini fundi alipomaliza, nikaona ameongeza komeo, tundu la kufuli, na ua la chuma katikati.

"Fundi, hilo ua ni la nini?"

"Mama, bila ua linakaa uchi."

Mzee akauliza, "Na kufuli ni ya kunifungia nisitoroke?"

"Utoroke uende wapi, na nani?" nikamwambia.

Tukakubaliana tujaribu kwanza. Sisi watu wa mahindi, tukitaka kujua kitu kina nguvu tunakiwekea gunia. Mzee akanishika mabega, akahamia kwenye benchi, na kwenye kiti chake tukakalisha gunia la mahindi, tukalifunga mkanda wa mizigo ya lori. Kijana akasukuma. Likapanda vizuri sana, likashuka, likapanda tena. Fundi akalipigia makofi.

"Limefungwa mkanda vizuri kuliko mimi," mzee akasema. "Basi lipelekeni hilo Pioneer."

Ilipofika zamu yake, kiti kikafika mwanzo wa daraja, ta! Hakipandi. Kijana akarudi nyuma, akaja na nguvu. Ta! Mzee akashika kofia. Tukainama wote. Fundi akasema magurudumu hayana upepo. Kijana akasema ni huo mpira wa ng'ombe. Mimi nikaangalia viatu vya mzee.

"Gunia halina miguu," nikasema.

Tulipoweka gunia tulikuwa tumevitoa vile vibao vya kukanyagia, kwa kuwa havikuwa na kazi. Sasa vimerudi, vinatangulia mbele chini kabisa, na daraja linainuka ghafla mno, kwa hivyo vinaligonga kabla magurudumu hayajafika. Watu wazima wanne, na hakuna aliyekumbuka kwamba mtu aliyekaa ana miguu!

Fundi akaleta kipande cha chuma bapa, akakiunga mwishoni mwa daraja kwa bawaba ndogo, mteremko ukaanza polepole. Safari hii tulimjaribu mzee mwenyewe. Akapanda. Hakusema asante, alisema gunia lilisukumwa kwa heshima zaidi.

Tukafika Pioneer, na hapo ndipo tulipoziona ngazi. Tatu, za simiti, mlangoni kwa rafiki yake. Tumezipanda miaka yote hiyo bila kuziona. Kijana akaanza kukunja mikono ya shati. Mzee akamtazama tu. Kijana akaikunjua.

Mke wa rafiki, aliyetoka kutupokea, akarudi ndani. Tukasikia mabishano, halafu rafiki mwenyewe akatoka na fimbo, blanketi mabegani, akashuka ngazi moja moja. Akapanda daraja letu akihema, akaketi ndani ya vani karibu na mzee. Wakashikana mikono, hawakuachana haraka.

"Umekonda!" rafiki akapiga kelele.

"Na wewe unanuka dawa!"

Mimi na mke wake tukabaki nje, tukiwapitishia chai mlangoni. Kwa kuwa mmoja hasikii, yote waliyoambiana yalisemwa kwa kelele, na kufika jioni nyumba zote za karibu zilishajua ni nani kati yao aliyenitaka kwanza. Mimi mwenyewe ndiyo kwanza nilikuwa najua hapo. Mke wake akanitazama. Mimi nikatazama chai.