Beseni la Bi Aziza

Mangaza hakuwa mtu wa ugomvi. Pale Kindu, enzi zile za Wabelgiji, soko zima lilimjua kwa upole. Upole wenyewe uliisha siku aliyorudi kutoka sokoni akamkuta mwanawe Abedi amekalishwa ndani ya beseni, nguo zimeshindiliwa pande zote asianguke.

Abedi alizaliwa kibeti: mikono mifupi, miguu mifupi, kichwa kikubwa. Wenzake walikuwa wanakaa, wengine wanasimama. Yeye bado. Na Bi Aziza, mama mkwe, hakutaka kabisa kusikia neno "bado".

"Watoto wangu wote walijifunza kukaa humu," alisema. "Huyu asipotembea mpaka Idi, mutapanda gari la moshi murudi kwenu Kibombo. Mwanangu Waziri ataoa mwingine."

Mangaza alimtazama mtoto. Kichwa kimeinama, mgongo umepinda kama ndizi. Loo, hasira zilimpanda! Akamtoa, akalipindua beseni.

"Mama, ninakuheshimu. Lakini mugongo wa mutoto wangu hauchezewi. Atakaa siku mugongo utapata nguvu."

Tangu hapo akawa anamlaza kifudifudi kwenye mkeka, kipande cha ndizi ya kuchoma mbele yake. Mgongoni hakumbeba tena. Alimbeba kifuani, kiganja kimeushikilia mgongo. Majirani walicheka wee! Maana Abedi hakutambaa kama wengine. Alibandika kichwa chini, akainua matako, akajisukuma, paji la uso vumbi tupu.

"Mutoto analima na kichwa!"

"Analima shamba lake," Mangaza akawajibu. "Ninyi yenu mumelima?"

Jikoni, peke yake, alilia. Lile gari la moshi lilimtisha kwelikweli. Akifuta machozi, anatandika mkeka.

Idi ikafika, Abedi hajatembea. Uani wageni wanakula pilau, Bi Aziza akauliza mbele ya wote, "Umefunga mizigo?"

Kabla Mangaza hajajibu, Abedi akatokea mlangoni, kichwa chini, anajisukuma. Akalifikia lile beseni, limeoshwa na kuegemezwa ukutani. Akalishika. Mguu mmoja, halafu wa pili. Akasimama! Bi Aziza akakimbia kumshika. Abedi akausukuma mkono wake, akaanza kulipiga beseni huku anacheka.

"Bado hatembei," Bi Aziza akasema, sauti imeshuka.

"Bado," Mangaza akajibu. "Na mizigo sifungi."

Bi Aziza akavuta kigoda, akaketi, akalishikilia beseni lisiteleze.